Gari ni lako, jina ni la kampuni: ada ya haki ipangwe vipi?

Mwenye Fuso moja pale Kibirizi hana shida na mzigo wa kwenda. Dagaa wakishakauka na kufungwa kwenye magunia, mfanyabiashara anataka gari zima na dereva anayejua njia. Haulizi kampuni, haulizi mashine ya risiti, na wengi wao hawaulizi hata mkataba. Wanapatana bei hapo hapo ufukweni, gari linaondoka.

Shida inaanza Dar es Salaam, kwenye mzigo wa kurudi. Kiwanda cha saruji, msambazaji wa vinywaji, shirika linalopeleka chakula kambi ya Nyarugusu, mwagizaji wa bidhaa za Burundi au Kongo: hao hawampi mzigo mtu mwenye gari moja. Wanataka kampuni iliyosajiliwa, yenye risiti za kielektroniki, bima ya mzigo, magari kadhaa, na uwezo wa kusubiri malipo mwezi mmoja au miwili. Kwa mzigo wa transiti kuna sharti jingine. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka gari linalobeba mizigo iliyo chini ya forodha liwe na leseni ya kazi hiyo, na TRA hulifunga mzigo huo lakiri ya kielektroniki na kuufuatilia mpaka mpakani.

Ndipo mwenye gari moja anapokwenda kwa mwenye kampuni na kumwambia: kaka, niweke chini yako. Gari linabaki langu, dereva ni wangu, mafuta naweka mwenyewe. Wewe nipe jina lako na mizigo yako, mimi nitakulipa.

Nitakulipa kiasi gani? Swali hilo tumekuwa tukiulizwa na wasikilizaji wetu wa Kigoma mjini, Kasulu na Uvinza, wenye magari na wenye kampuni pia. Wengi wanapatana kwa kukisia: jirani analipa asilimia kumi, basi na wewe kumi. Hapa tutafungua hesabu yenyewe, kwa sababu ndani ya hiyo "kumi" watu wamepoteza magari.

Jambo hili si geni kwetu. Enzi za misafara kati ya Ujiji na pwani, mfanyabiashara mwenye mizigo michache hakuthubutu kupita peke yake. Alijiunga na msafara wa mkubwa, akapita chini ya jina lake, na hongo zilizodaiwa njiani akachangia. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 biashara ile ilibadilika sura, lakini mdogo kupita kwa jina la mkubwa hakujaisha.

Unanunua nini hasa?

Tuanze na leseni, kwa kuwa hapo ndipo penye maneno mengi. Leseni ya kusafirisha mizigo inayotolewa na LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA kwa sheria ya mwaka 2019, inataja gari kwa namba yake. Si kofia ambayo mtu anaweza kumvalisha mwenzake leo na kuivua kesho. Kwa hiyo anayekuambia "nitakupangisha leseni yangu" anasema kitu ambacho hakiwezekani kama anavyokisema. Njia iliyo wazi ni mkataba wa kukodisha gari kwa kampuni, kisha kampuni na mwenye gari waende pamoja ofisi ya LATRA ya mkoa wakaulize leseni ya gari hilo iombwe kwa jina la nani. Fanyeni hivyo kabla gari halijabeba hata gunia moja.

Leseni ikiwekwa pembeni, mwenye gari ananunua vitu vitatu kutoka kwa kampuni, na vitatu hivi havina bei moja.

Cha kwanza ni jina lenyewe: usajili, mhasibu, mashine ya risiti, bima ya mzigo, kifaa cha kufuatilia gari, dhamana za forodha kwa anayefanya transiti. Cha pili ni kutafutiwa mzigo, ambayo ni kazi ya dalali. Cha tatu ni fedha, yaani kampuni kukutangulizia mafuta wakati mteja hajalipa. Ukivichanganya vyote kwenye neno moja "kamisheni", hutajua umelipia nini, na mwenye kampuni naye hatajua anapata faida au anakubeba bure.

Hesabu ya safari moja

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za mfano tu, weka za kwako. Fuso linakwenda Dar es Salaam na kurudi, kama kilomita 2,600. Mzigo wa kwenda, dagaa, umelipwa shilingi 2,000,000. Mzigo wa kurudi, uliopatikana kwa jina la kampuni, shilingi 2,500,000. Jumla 4,500,000.

Gari linakula lita 30 kwa kila kilomita 100, kwa hiyo lita 780. Dizeli tuseme shilingi 3,000 kwa lita: 2,340,000. Dereva na utingo 450,000. Maegesho, ushuru, pancha na vidogo vidogo vya njiani 210,000. Matumizi yote ni 3,000,000. Kimebaki 1,500,000, na hapo hatujahesabu matairi mapya, bima ya mwaka wala siku injini itakapodai kufunguliwa.

Sasa ile asilimia 10. Ya nini? Ikiwa ni ya jumla yote, ni 450,000. Ikiwa ni ya mzigo wa kampuni peke yake, ni 250,000. Ikiwa ni ya kilichobaki baada ya matumizi, ni 150,000. Neno ni moja, "kumi kwa mia", na tofauti kati ya juu na chini ni mara tatu. Tena 450,000 ukiilinganisha na ile 1,500,000 iliyobaki, umelipa asilimia 30 ya kilichokuwa chako huku mdomoni ukisema kumi.

Wavuvi wa ziwani wanalijua hili kuliko sisi wa nchi kavu. Kwenye mitumbwi mingi ya dagaa, mafuta na gharama za usiku hutolewa kwanza, ndipo mgao unafanywa kati ya mwenye chombo na wafanyakazi wake. Hakuna mvuvi anayekubali mgao upigwe kabla mafuta hayajatolewa. Lakini mtu yule yule akinunua gari, anasaini asilimia ya jumla bila kuuliza.

Mafuta ndiyo yanayofanya jambo hili liume. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na huku kwetu, mwisho wa nchi, bei huwa juu kwa sababu ya umbali kutoka bandarini. Dizeli ikipanda shilingi 300 kwa lita, safari yetu inaongezeka gharama kwa 234,000. Kilichobaki kinashuka hadi 1,266,000. Mwenye kampuni bado anachukua 450,000 yake kamili, ambayo sasa ni zaidi ya asilimia 35. Hajafanya kosa lolote. Mkataba ndio uliomweka mahali pa usalama na mwenzake mahali pa mvua.

Basi tulipe kiasi maalumu kwa mwezi?

Wengine wanakimbilia huko. Shilingi 300,000 kila mwezi, gari lisafiri lisisafiri. Ukipiga safari mbili kwa mwezi, ni 150,000 kwa safari, inaonekana nafuu. Na kwa mwenye gari lenye kazi ya uhakika ni nafuu kweli.

Lakini kumbuka mwaka 2024. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu bila dagaa wapya. Gari lililotegemea mzigo wa Kibirizi na Katonga lilikuwa na mawili: kwenda Dar tupu kufuata mzigo wa kurudi, au kulala. Kwa ada ya 300,000, miezi mitatu ya kulala ni deni la 900,000. Hatusemi kufunga ziwa ni kubaya. Wavuvi wazee wenyewe wamekuwa wakilalamika kuwa dagaa wanapungua. Tunasema mkataba wa gari la Kigoma usioitaja miezi ya namna hiyo umeandikwa na mtu asiyelijua ziwa. Mvua nazo zina msimu wake, ingawa barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu iliyojengwa kwa lami imepunguza sana siku za kukwama matopeni.

Maoni yetu ni kwamba ada ya mwezi isizidi ile gharama halisi ya jina, na iwe na kipengele cha kusimama gari linapolala kwa sababu isiyo ya mwenye gari. Kutafutiwa mzigo kulipwe kwa asilimia, ya mzigo huo tu. Fedha za kutanguliziwa zihesabiwe kama mkopo, kwa karatasi yake.

Upande wa mwenye kampuni

Haitakuwa haki tukimfanya mwenye kampuni mnyonyaji. Naye ana hesabu yake, na wengi hawajawahi kuipiga.

Tuseme mhasibu, ofisi, vifaa vya kufuatilia magari, mashine ya risiti, bima ya mizigo na ada za usajili vinamgharimu 14,400,000 kwa mwaka, na ana magari sita chini yake, yake na ya wenzake. Kila gari linatakiwa kubeba 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi. Kwa safari mbili za mwezi ni 100,000 kwa safari. Hapo ndipo sakafu yake. Anayekubali 50,000 kwa sababu ya urafiki anaingia hasara kila gari likiondoka, na hasara hiyo itatokea siku ya kulipa bima ya mwaka: bima haitalipwa, na gari la rafiki litakuwa barabarani bila kinga wala mwenyewe kujua. Ada ndogo mno nayo ni hatari kwa mwenye gari.

Juu ya sakafu hiyo aongeze kamisheni ya mzigo aliotafuta. Kwa mfano wetu, asilimia 5 ya 2,500,000 ni 125,000. Jumla kwa safari inakuwa 225,000. Ni nusu ya ile 450,000, na kila shilingi ina jina lake. Mwenye kampuni akitaka zaidi, sawa, aseme ni ya nini. Mara nyingi atasema: hatari. Na ana haki ya kusema hivyo, maana mzigo ukipotea mteja hamdai mwenye Fuso, anamdai yeye. Lakini hatari hulindwa kwa bima na amana, na vyote viwili huandikwa. Hatari isiwe neno la kuongezea bei.

Kuna pia kodi, ambayo huharibu urafiki mwingi. Kampuni ikitoa risiti ya 2,500,000 kwa mteja, TRA inaona hayo ni mapato ya kampuni. Ili kampuni ionyeshe kuwa sehemu kubwa imekwenda kwako, inahitaji risiti halali kutoka kwako. Usipotoa, kampuni itabaki na kodi ya fedha ambazo haikuzila, na bila shaka itakukata wewe. Kwa hiyo mwenye gari naye awe na TIN, atoe risiti za malipo anayopokea, na kama amekatwa kodi ya zuio, adai cheti chake. Cheti hicho ni fedha yake.

Kadi ya gari

Hapa tunaomba msikilizaji asome polepole.

Baadhi ya wenye kampuni husema: ili gari liingie vizuri kwenye kazi, tubadilishe kadi iwe kwa jina la kampuni, sisi tunajuana. Usikubali haraka. Kisheria, jina lililo kwenye kadi ndilo linalochukuliwa kuwa la mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kampuni ikidaiwa na benki, au na TRA, au na mteja aliyeshinda kesi, dalali wa mahakama anakamata mali za kampuni, na gari lako lipo kwenye orodha. Wewe utabaki kukimbia na mashahidi kueleza kwamba lile ni lako, wakati gari limeegeshwa yadi na matairi yanakauka. Na mwenye kampuni akifariki, warithi wake hawajui mlivyojuana.

Tunawafahamu watu wa mkoa huu yaliyowakuta hayo. Mmoja alinunua gari kwa mauzo ya mawese ya miaka kadhaa. Hakudhulumiwa na mtu mbaya. Mwenzake aliugua, kampuni ikayumba, na karatasi zikasema kilichoandikwa.

Mkataba wa kukodisha unatosha. Uandikwe kwa Kiswahili mnachokielewa wote, utaje namba ya gari na ya injini, useme wazi kwamba umiliki haubadiliki, na ulipiwe ushuru wa stempu. Mkataba usiolipiwa ushuru huo unaweza kukataliwa mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe, na siku hiyo huwa ni siku mbaya ya kuanza kutafuta stempu.

Bima nayo ilingane na mkataba. Kama gari ni lako na linatumika kwa kazi za kampuni, kampuni ya bima ielezwe hivyo tangu mwanzo, na hati itaje kuwa gari linabeba mizigo kwa malipo. Ajali ikitokea Uvinza au Kaliua, swali la kwanza la bima litakuwa nani mwenye gari na lilikuwa kwenye kazi ya nani.

Wenzetu wamefanyaje?

Marekani ina wenye malori wengi sana wanaofanya kazi chini ya leseni ya kampuni nyingine, na ugomvi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba serikali iliweka kanuni maalumu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kanuni hizo hazipangi ada iwe asilimia ngapi. Zinataka kila kitu kionekane. Mkataba lazima uwe wa maandishi na useme malipo ni kiasi gani na makato ni yapi. Kama malipo ni kwa asilimia, mwenye lori ana haki ya kuona hati ya bei ambayo mteja alitozwa, ili ajue asilimia hiyo imepigwa kwenye nini. Akishakabidhi karatasi za safari, anatakiwa kulipwa ndani ya siku 15. Amana yake irudishwe ndani ya siku 45 baada ya mkataba kwisha. Na kampuni haina ruhusa ya kumlazimisha anunue mafuta, matairi au bima kutoka kwake ili apate kazi.

Hilo la kuona hati ya bei ndilo tunalolipenda zaidi. Huku kwetu mwenye gari huambiwa "mzigo umelipwa milioni mbili na nusu" kwa mdomo. Huenda ni tatu. Akiona ankara na risiti, mazungumzo yanakuwa mengine.

Kenya walikwenda njia tofauti kwa matatu. Kanuni zao ziliwataka wenye magari wawe ndani ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Mwenye matatu moja analipa ada kwa chombo ambacho yeye ni mwanachama, na akiona ada imezidi ana mkutano wa kwenda kuuliza. Wakulima wa kahawa wa Kalinzi wanaelewa jambo hili bila kuelezwa, maana ushirika wameukulia, pamoja na matatizo yake. Wenye magari kumi wa Kasulu wakiunda ushirika au kampuni yao, jina linakuwa lao. Ni kazi ngumu, na tumeona vikundi vikivunjika kwa sababu ya mweka hazina mmoja. Hata hivyo hesabu ile ya 14,400,000 ikigawanywa kwa magari kumi ni 120,000 kwa mwezi kwa kila gari.

Mambo madogo yanayozua kesi

Mizani kwanza. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, ina faini kali kwa anayezidisha. Nani alipe? Tunaona iandikwe hivi: aliyepakia ndiye alipe. Kampuni ikipakia kiwandani na uzito ukazidi, ni yake. Dereva akiongeza magunia ya mkaa njiani, ni ya mwenye gari.

Dereva ni mwajiriwa wa nani? Kama anapokea mshahara kwako na amri kwa kampuni, akiumia wote wawili mtamkana. Aandikiwe mkataba na mmoja, na michango yake ya NSSF ilipwe na huyo mmoja.

Amana ikikatwa, iandikwe ni kiasi gani, itakatwa kwa safari ngapi, na itarudi lini. Mwenye gari akitaka kuondoka, atoe notisi ya siku ngapi? Thelathini zinatosha. Siku hiyo abandue nembo ya kampuni mlangoni, na kampuni itoe taarifa LATRA, TRA na kwa bima kwamba gari lile halipo tena chini yake. Hatua hii husahauliwa, na mwaka unaofuata kampuni inajikuta ikitajwa kwenye ajali ya gari ambalo haijaliona kwa miezi.

La mwisho ni muda. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Treni hiyo ikianza kubeba mizigo, safari ndefu za Dar zitapungua kwa Fuso na semi-trela, na kazi itakuwa kusambaza kutoka stesheni na bandarini kwenda Kasulu, Kibondo, Manyovu na kambini. Safari fupi, nyingi, za bei ndogo. Ada ya 100,000 kwa safari, iliyo sawa kwa kilomita 2,600, itameza safari nzima ya kutoka Kigoma hadi Manyovu. Anayesaini leo asaini mwaka mmoja, na mkataba uonyeshe mwezi ambao mtakaa tena na kalamu na karatasi.